Acha Jeki, Nunua Pampu

Nitasema mapema ili asiye na muda wa kusoma hadi chini aondoke na jibu lake: kama uko Dodoma na unataka kurusha roketi kwa kujifurahisha, usinunue jeki la kushindilia unga wa fataki. Nunua pampu ya baiskeli ya kusimama, yenye geji.

Naandika hivi kwa sababu kila Desemba ikikaribia, vijana hunifuata na hesabu zao kichwani. Wameona kwenye simu Wamarekani wakishindilia unga wa roketi za fataki kwa jeki vibandani kwao, na swali wanaloniletea ni moja: mwalimu, tutumie kifaa gani cha bei nafuu? Mmoja alikuja na mchoro kabisa. Jeki la gari dogo la tani mbili, fremu ya kuchomelea kwa vyuma chakavu, na bomba la kadibodi lililotoka kwenye roli la kitambaa kwa fundi cherehani. Jeki angelipata kwa mkono wa pili, fremu angetengenezewa na jamaa yake anayechomelea mageti. Kwenye karatasi ilionekana rahisi kweli.

Shida ya karatasi ile ni kwamba iliorodhesha kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Hao Wamarekani wenyewe, ukiwatazama vizuri badala ya kuruka hadi pale roketi inapopasuka angani, jeki kwao ni sehemu ndogo ya gharama. Vipande vinavyogusa unga vimekerezwa kwa metali isiyotoa cheche kirahisi, shaba nyeupe au aluminiamu, na vinaingiana kwa kipimo cha nywele. Kuna geji inayoonyesha unga umebanwa kwa nguvu kiasi gani. Kati ya uso wa mtu na bomba kuna ukuta wa plastiki mnene. Kibanda cha kazi kiko mbali na nyumba. Na anayetengeneza kwa biashara ana leseni ya serikali yake kuu, maana kule kufanya biashara ya vilipuzi bila leseni ni kesi. Ondoa hayo yote, ubaki na jeki na fremu ya chuma juu ya zege, mbele ya kifua cha kijana wa miaka kumi na saba. Sasa niambie ni nini kilichopungua bei hapo.

Huku kwetu Sheria ya Baruti ipo tangu mwaka 1963. Wenye migodi wanaijua vizuri, kwa sababu baruti ya kupasulia mwamba haitunzwi wala haisafirishwi bila kibali, na Tume ya Madini makao yake makuu ni hapahapa Dodoma. Mwisho wa mwaka nao polisi hutukumbusha habari ya fataki na vibali. Sina haja ya kuongeza neno. Anayedhani atamweleza afande kwamba ile ni sayansi tu, ajaribu.

Ila sheria siyo sababu yangu ya kwanza. Sababu yangu ni historia ya mchezo wenyewe. Miaka ya 1950 vijana wa Marekani walikuwa na kichaa hikihiki cha roketi, hasa baada ya Warusi kurusha setilaiti ya Sputnik mwaka 1957. Walijaza vichwa vya viberiti na unga wa kila aina kwenye mabomba, na wengine walipoteza vidole, macho, hata maisha. Watu wazima waliokuwa wakipenda mchezo huo wangeweza kusema, basi tuwatafutie watoto kifaa kizuri cha kushindilia. Hawakusema hivyo. Fundi mmoja, Vernon Estes, aliunda mashine aliyoipa jina la Mabel, na mashine hiyo ndiyo iliyoshindilia injini ndogo za roketi kiwandani, moja kila baada ya sekunde 5.5. Mtoto alinunua injini ikiwa tayari, akabaki na kazi ya kutengeneza mwili wa roketi, mabawa na mwavuli. Mchezo ulikua pale ambapo kazi ya kushindilia iliondolewa mikononi mwa watoto. Sisi, zaidi ya miaka sitini baadaye, tunataka kuirudisha.

Injini hizo za kiwandani sijawahi kuziona dukani hapa mjini, sokoni Majengo wala kwingineko. Kwa hiyo tunabaki na roketi ya maji.

Najua, ukisema roketi ya maji vijana wanacheka. Wanaona ni mchezo wa chekechea. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Cape Town walirusha roketi ya maji na hewa ikafika mita 830, rekodi ya dunia. Hiyo yao ilikuwa ya nyuzi za kaboni, siyo chupa ya soda, lakini kanuni ni ileile: hewa iliyobanwa inasukuma maji yatoke kwa kasi nyuma, na chombo kinasukumwa mbele. Ni sheria ya tatu ya Newton, ile ya kidato cha pili ambayo wengi waliikariri bila kuiona. Chupa ya soda ya lita moja na nusu, theluthi moja maji, upepo wa kutosha, inapita mti wowote wa hapa Dodoma. Na ikitua unaweza kuirusha tena dakika hiyohiyo. Fataki uliyohangaika nayo wiki nzima inaungua mara moja tu.

Sasa tuzungumzie vifaa, maana hapo ndipo watu wanapotupa pesa.

Pampu ya mkono, ile ndefu nyembamba inayoning'inizwa kwenye baiskeli ya Phoenix, itafanya kazi kama ngozi yake ya ndani haijakauka. Utatokwa jasho, lakini itajaza. Ubaya wake ni kwamba haina geji, na roketi isiyo na geji ni kubahatisha. Pampu ya mpira wa miguu iache kabisa. Ni ndogo, sindano yake hupinda, na wenye kutumia kizibo cha mpira na sindano huishia na roketi inayoondoka inapotaka yenyewe, mara nyingi mtu akiwa bado ameinama. Kompresa ndogo ya umeme ya kuchomeka kwenye gari inavutia, lakini nyingi ni za pupa: zinapiga kelele, zinapata moto, na mtoto anaacha kuhesabu kwa sababu mashine inafanya kazi badala yake. Anayesukuma kwa mikono anausikia upepo ukikaza. Pampu ya kusimama, yenye sehemu mbili za kukanyagia na geji kwa chini, ndiyo ninayoitetea. Tairi la baiskeli hujazwa upepo uliobanwa zaidi kuliko wa tairi la gari dogo, hivyo pampu ya baiskeli inafika psi 60 (kipimo cha mgandamizo kinachosomwa kwenye geji) bila kulalamika, na psi 60 ndiyo mwisho wangu. Kuna watu wanazidisha. Mimi sizidishi mbele ya watoto wa watu.

Kwenye geji ndiko nisikotaka mtu abane pesa. Geji za pampu za bei ya chini zina tabia ya mshale kulala kwenye sifuri, halafu kushtuka na kuruka. Kabla hujalipa, omba kuijaribu. Mimi hubeba pampu hadi kwa fundi pancha. Tunajaza tairi la bodaboda, ninasoma geji yangu, kisha yeye anapima kwa geji yake. Fundi ninayemwendea aliniuliza, "Mwalimu, baiskeli yenyewe iko wapi?" Nikamwambia ni ya kujazia chupa. Akaitazama geji, akaigonga kwa kucha ya kidole gumba mara mbili, mshale ukashuka kidogo. "Hii inakuongopea," akasema. "Ikigongwa tu inabadilisha maneno. Chukua ile nyingine." Na alikuwa sahihi, ile nyingine ilikubaliana na geji yake, ukiigonga usiigonge. Jaribio hilo halina gharama, na sijaona kitabu kinacholitaja.

Chupa ni bure, lakini si kila chupa. Chukua ya soda, kwa sababu imetengenezwa kuhimili gesi. Chupa ya maji ya kunywa ni nyepesi mno, hujikunja hata ukiishika kwa nguvu. Chupa yenye mkwaruzo mrefu au kunyanzi, weka kwenye taka. Iliyoachwa juani wiki nzima nayo siiamini, na jua la huku mnalijua. Usibandike mabawa kwa gundi kali zinazokausha papo hapo wala gundi ya moto, zinadhoofisha plastiki. Tumia selotepu pana. Chupa ya kioo usiikaribie, na bomba la chuma vilevile. Kikipasuka kitu cha plastiki laini utaloa na kushtuka. Kioo na chuma vina habari nyingine.

Kirushio chenyewe ni bomba la plastiki la nusu inchi linaloingia mdomoni mwa chupa, oringi (pete ya mpira) ya kuzuia upepo usitoke, na kebo tai za mafundi umeme, vile vifungo vya plastiki, zilizofungwa kwa kuzunguka bomba, vichwa vyake vikishika ile shingo ya chupa. Kipande cha bomba pana kinavikumbatia visiachie. Ukivuta kamba, kipande kile kinashuka, vichwa vinafunguka, chupa inaondoka. Nenda na chupa dukani. Usiulize "nusu inchi" na kuondoka, kwa sababu mabomba ya maji na yale ya kupitishia nyaya yanatofautiana kipimo. Lichomeke bomba mdomoni mwa chupa palepale kaunta, hata kama muuzaji anakushangaa. Linatakiwa liingie kwa shida kidogo. Chini ya bomba unaweka valvu ya tairi la pikipiki, ile yenye pini ya ndani, kwa kuwa haiachii upepo ukichomoa pampu. Kamba iwe ndefu, mita tano na zaidi, na mpira wa pampu uongezwe ili anayesukuma asisimame juu ya chupa. Miwani ya plastiki ya mafundi iwe machoni.

Kabla ya kurusha mara ya kwanza, jaza chupa maji hadi juu kabisa, isibaki hewa, ndipo usukume upepo mpaka kidogo kupita kiwango unachokusudia. Maji hayabaniki kama hewa, hivyo chupa mbovu itapasuka kwa mlio mdogo na kuvuja. Chupa mbovu iliyojaa hewa ingekuwa na kishindo.

Kuhusu maji, najua mtakachosema. Mji huu tunategemea visima vya Mzakwe na ratiba ya mgao, halafu mwalimu anawaambia watoto wayamwage angani! Chupa ya lita moja na nusu inahitaji nusu lita. Ndoo ya lita ishirini inatoa mirusho arobaini. Maji yaliyooshewa vyombo yanafaa, mradi yachujwe mabaki ya wali. Mama mmoja wa jirani na shule alikuja kulalamika kuhusu maji, akakaa mpaka ndoo ikaisha, na yeye ndiye aliyevuta kamba mara ya mwisho.

Upepo ndio adui halisi wa huku kati. Kuanzia Juni hadi Septemba unaanza asubuhi na vumbi lake, na roketi yenye mabawa hugeuza pua kuelekea upepo unakotoka. Rusha mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, au jioni ukitulia. Uwanja wa ndege uko katikati ya mji, kwa hiyo mlio upande huo tafuteni kiwanja kingine. Pembezoni bado nafasi ipo tele.

Na yule kijana mwenye mchoro wa jeki? Nilimshauri fremu yake aitengeneze kweli, ila ashindilie vumbi la mkaa na udongo kidogo kutengeneza mkaa wa kubana, auze. Jeki la tani mbili kwa kazi hiyo linatosha sana. Amenijibu kwamba mkaa hauruki. Ni kweli hauruki.

Kilichobaki ni hoja ya usiku wa mwaka mpya, kwamba roketi ya maji haina mwanga. Hilo lina dawa. Viberiti vya gesi vya madukani huku vingi vina tochi ndogo kitakoni. Chomoa ile taa na betri zake, acha kiberiti chenyewe nyumbani, bandika taa ndani ya pua ya roketi kwa selotepu, na pua iwe ya plastiki nyeupe inayopitisha mwanga. Inaonekana ikipanda, na muhimu zaidi, inaonekana ilipoangukia. Usinunue viberiti vipya kwa ajili hiyo. Muombe mangi wa dukani akuwekee vilivyokwisha gesi. Tochi zake mara nyingi bado zinawaka.