Lhasa Apso Si Mwanasesere

Anayemwona Lhasa Apso, mbwa mdogo wa manyoya marefu, kwa mara ya kwanza huinama, akanyoosha mikono, akataka kumbeba. Mbwa hurudi nyuma hatua mbili, hubweka kwa sauti nzito isiyolingana kabisa na umbo lake, kisha huketi akimkodolea macho mgeni nyuma ya pazia la manyoya. Watu husema ana kiburi. Mimi nasema yuko kazini.

Kazi hiyo, ya ulinzi, ametoka nayo Tibet, milimani Asia. Katika nyumba za watawa wa Kibudha na za wakubwa, ulinzi wa nje ulikuwa wa mbwa wakubwa wa kutisha. Huyu mdogo alikaa ndani, masikio wazi, akisikia nyayo ngeni anaamsha wenyeji. Mbwa hawa wadogo mara nyingi walitolewa zawadi tu, hawakuuzwa. Ndivyo Dalai Lama wa 13, kiongozi wa Kibudha wa Tibet, alivyompa Mmarekani Suydam Cutting mbwa wawili mwaka 1933, na kufikia 1935 aina hiyo ilikuwa imetambuliwa rasmi Marekani.

Dume hufika kama sentimita 27 begani, na uzito hauvuki sana kilo 8. Ukimwita, kwanza anafikiri kama kuna haja ya kuja. Anayetaka mbwa wa kutii kila neno atafute mwingine.

Tatizo ni yale manyoya. Yalikuwa ya kumkinga na baridi ya milimani: ya juu marefu, mazito na magumu kidogo, ya chini laini. Hayo ya chini ndiyo hujifunga mafundo. Wa kwangu nilimchana kila jioni, mgongo ukang'aa, nikajisifu. Siku moja nikapitisha vidole nyuma ya sikio nikakuta kitu kigumu kama kipande cha jamvi. Kwapani vilevile. Miezi yote ile nilikuwa nachana juu juu tu, kitana hakijawahi kugusa ngozi. Ikabidi anyolewe.

Wapo wanaoona kumpunguza manyoya ni kumvunjia heshima. Kwenye maonyesho ya mbwa sawa, yaachwe yaburuze sakafu. Nyumbani sioni sababu ya mbwa kuteseka ili sisi tupige picha.

Aliponyolewa alionekana nusu ya alivyokuwa, shingo nyembamba, macho nje. Nilidhani ataona aibu. Mlango ulipogongwa jioni ile, alinitangulia kufika, akabweka vilevile.