Jiwe likiisha, tutakula nini?

Kuna wakati Tanzania nzima ilikuwa na jibu moja kwa kila malalamiko: pambana na hali yako. Unga umepanda bei? Pambana na hali yako. Umeachwa? Pambana na hali yako. Kauli ilianza kama utani, ikapanda daladala, ikaingia hadi kwenye vikao vya harusi. Sasa imechuja, lakini mzizi wake umebaki kwenye salamu. Mtu wa Buguruni au wa Nyakato ukimuuliza "vipi hali?", huenda akakujibu "tunapambana". Hasemi anapambana na nani, wala pambano linaisha lini.

Kauli hiyo ina ndugu yake: bora liende. Hiyo utaisikia ofisini saa nane mchana, faili linapogongwa muhuri bila kusomwa, au kwa fundi aliyeuona ukuta umepinda akaendelea kupiga lipu. Ndugu hawa wawili wamewagombanisha wanafalsafa kwa miaka mingi, ila huko wanaitwa kwa majina mazito.

Bora liende ikivaa suti inaitwa nihilizimu: msimamo kwamba maisha hayana kusudi, na kwamba jema na baya ni mazoea tu ya watu. Neno hili lilivuma Urusi mwaka 1862 kupitia Bazarov, kijana wa udaktari katika riwaya ya Ivan Turgenev, asiyeinamia mamlaka yoyote wala kupokea kanuni kwa sababu tu babu zake waliipokea. Ile pambana na hali yako, wahakiki wetu wa fasihi wameipa jina la ubwege. Zamani nililicheka neno hilo. Bwege mtaani ni yule aliyeuziwa simu Kariakoo, akafika nyumbani akafungua boksi akakuta kipande cha sabuni. Lakini kadiri ninavyomsoma Albert Camus, mwandishi aliyeipa falsafa hii sura yake, naona waliolichagua hawakukosea sana. Kwake binadamu amesimama hivyo hivyo, boksi mkononi. Anaidai dunia maana, dunia imenyamaza. Ubwege haumo ndani ya mtu peke yake wala ndani ya dunia peke yake. Unazaliwa pale dai linapokutana na ukimya.

Camus hakuisoma shida vitabuni. Alizaliwa mwaka 1913 katika familia ya walowezi huko Algeria, wakati huo koloni la Ufaransa, baba yake akauawa vitani mwaka uliofuata. Mama yake alikuwa akifanya usafi kwenye nyumba za watu mjini Algiers. Hakujua kusoma na alikuwa na uziwi. Kijana alikuwa golikipa hadi kifua kikuu kilipomwondoa langoni akiwa na miaka 17. Mwaka 1942, Ufaransa ikiwa chini ya majeshi ya Hitler, alitoa insha yake juu ya Sisyphus. Sura moja, iliyomhusu mwandishi Franz Kafka, iliwekwa kando kwa sababu Kafka alikuwa Myahudi.

Kisa chenyewe ni cha Wayunani wa kale. Sisyphus, mfalme mjanja aliyewahi kuyahadaa mauti, aliadhibiwa na miungu asukume jiwe hadi kileleni. Kila akikaribia kufika, jiwe linaporomoka, naye anashuka kulifuata. Milele. Sisi tuna kutwanga maji kwenye kinu, tuna kutia maji kwenye pakacha, lakini picha zetu zina dharau ndani yake: anayetwanga maji ni mjinga, angeuweka mchi chini akapumzika. Sisyphus hana ruhusa ya kuuweka mchi chini. Jicho la Camus linamfuata hasa anaposhuka, mikono mitupu, akijua kinachomsubiri bondeni. Anajua hakuna siku ya mwisho, na bado anashuka kwa miguu yake. Kwa kujua huko, anasema Camus, amekuwa mkubwa kuliko jiwe lake. Anafunga kwa sentensi inayojulikana sana: yatupasa kumwona Sisyphus kuwa mwenye furaha.

Yatupasa? Nani katulazimisha?

Kabla ya kumbana Camus, tumpe nihilisti haki yake. Anafanya kazi moja ya maana: anafagia. Mtu aliyekopa ili harusi yake isipitwe na ya jirani angenufaika sana na nusu saa ya kuambiwa kwamba nyota hazijali idadi ya magari kwenye msafara wake. Hata wahenga wetu wanao unihilisti wa dozi ndogo: dunia tunapita. Tatizo ni kwamba msemo huo una midomo miwili. Nimeusikia msibani, mtu akiwasihi ndugu waache kugombania kiwanja. Nimeusikia pia kutoka kwa mtu aliyekuwa anaeleza kwa nini fedha za kisima cha kijiji zimeishia kwenye paa lake. Dunia tunapita, tule. Nihilizimu haina namna ya kumchagua mmoja kati ya hawa wawili, na hapo ndipo inaponishinda. Anayesema hakuna chenye thamani hana mguu wa kusimamia anapotaka kumlaumu mwizi.

Fasihi yetu ilishaitazama njia hiyo hadi mwisho wake. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alimleta Kazimoto katika riwaya ya Kichwamaji mwaka 1974: kijana wa chuo kikuu aliyeng'olewa kwao na elimu, naye huko alikopelekwa na elimu hakuota mizizi. Anauliza maswali yale yale ya Camus, ila hayaulizi akiwa peke yake mlimani. Nyuma yake kuna wazazi wanaomtegemea na dada aliyeharibiwa, na mbele kuna mtoto anayezaliwa na maradhi ya kichwa kikubwa. Kazimoto anajiua. Camus anaianza insha yake kwa swali hilo hilo, kama inafaa kuishi, akajibu ndiyo. Kazimoto alijibu hapana. Wapo wanaoona Kezilahabi alikata tamaa. Mimi naona aliongeza kitu ambacho Camus alikiacha: Sisyphus wa Camus hana mama. Hana mtu wa kumtumia hela mwisho wa mwezi, wala anayemuuliza kila jioni jiwe limefika wapi.

Upande wa dini, Camus alikuwa na haraka. Aliiita imani kujiua kifalsafa, yaani kurukia jibu pale swali linapouma. Wasomaji wengi wa Kiswahili watamwachia hapo, na wana sababu. Misahafu yenyewe haikuuficha ubwege. "Ubatili mtupu, mambo yote ni ubatili," anasema Mhubiri, na Surat Al-Balad inasema wazi kwamba mwanadamu ameumbwa katika taabu. Kuhusu ugonjwa hawatofautiani na Camus. Wanatofautiana kuhusu dawa. Kuli anayeswali alfajiri kisha akaenda bandarini hajalikimbia jiwe lolote. Kilo ni zile zile.

Pingamizi za wanafalsafa wenzake nitazipita upesi. Richard Taylor aliuliza mwaka 1970: je, miungu ingemchoma Sisyphus sindano ya kumfanya apende kusukuma mawe? Swali zuri, kwa sababu linatuonyesha kwamba furaha peke yake haithibitishi kitu; huenda ni sindano. Mwaka uliofuata Thomas Nagel alisema kule kuitunishia dunia misuli kuna kujionea huruma ndani yake. Kama hakuna chenye uzito, basi hata ubwege wenyewe hauna uzito, tuupokee kwa tabasamu. Hilo ni jibu la mtu aliyeshiba, lakini si la uongo.

Pingamizi langu ni jingine, na shahidi ninayemwita ni Camus mwenyewe. Mwaka 1939, kabla ya insha, alikuwa mwandishi wa gazeti mjini Algiers na akatumwa Kabylia, eneo la milima lililokuwa na njaa. Ripoti zake hazina miungu wala vilele. Zina ujira wa kutwa, vipimo vya nafaka, na watoto wanaogombania chakula na mbwa. Walowezi walikuwa na usemi kwamba wale watu wamezoea, hawana mahitaji kama yetu. Camus aliuita usemi huo wa kudharauliwa. Sasa linganisha: mwaka 1939 anamkasirikia anayesema maskini wa Kabylia ameridhika, mwaka 1942 anatuambia tumwone Sisyphus kuwa mwenye furaha. Ni mtu yule yule, mapafu yale yale mabovu. Nini kilibadilika katikati?

Nadhani kilichobadilika ni mwenye jiwe. Kuna mawe yasiyo na mwenyewe: kufa, kuzeeka, vyombo vinavyochafuka kila siku, shamba linalodai jembe kila masika. Kwa mawe hayo Camus yuko sahihi, na sijaona aliyesema vizuri zaidi. Lakini kuna mawe yaliyowekwa na mtu: kodi, ujira, foleni, mkopo wa riba. Ukimwambia anayesukuma jiwe la namna hiyo awe na furaha, umemfanyia kazi aliyeliweka. Ndiyo maana pambana na hali yako hubadilika sura kulingana na msemaji. Rafiki akikwambia mkiwa kijiweni ni faraja. Akikwambia aliyekukata mshahara, ni tusi.

Wanasiasa waliliona hilo mapema kuliko wahakiki. Kenya, uchaguzi wa 2022, kuhangaika kuligeuzwa beji: hasla. William Ruto alishinda, na Novemba 30 ya mwaka huo ikazinduliwa Hazina ya Hasla, mfuko wa serikali wa mikopo midogo. Jiwe likapewa cheo. Takriban miezi kumi na tisa baadaye, Juni 2024, vijana walewale waliokuwa wanaimbiwa uhasla walijaa barabarani kupinga Muswada wa Fedha na kodi zake mpya, wakaingia hadi Bungeni, na watu wakauawa. Kesho yake rais akatangaza kwamba hatausaini. Camus angewatambua. Katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya uasi alihama kutoka mlimani akaja kwa mtumwa anayesema hapana, na akaandika: ninaasi, hivyo tupo. Tazama nafsi inavyogeuka katikati ya sentensi, kutoka mimi hadi sisi. Kwa hiyo alijua. Ila Algeria yenyewe ilipoasi, Camus aliomba tu raia wasiguswe, na uhuru kamili hakuuunga mkono hadi alipokufa kwa ajali ya gari Januari 1960. Kulitambua jiwe lililowekwa na watu wa kwenu ni kazi ngumu kuliko kuandika juu ya Sisyphus.

Haya yote nilikuwa nimeyapanga vizuri kichwani kabla sijakaa asubuhi moja na wagonga kokoto, Mwanza, chini ya mojawapo ya vilima vile vya mawe. Wanaume huchoma jiwe kubwa kwa moto hadi lipasuke. Wanawake huketi na nyundo, kila mmoja na pete yake ya mpira uliokatwa kwenye tairi. Unaweka kipande ndani ya pete, unagonga, pete inazuia vipande visiruke. Mama niliyekaa karibu naye alikuwa amefunga kitambaa kwenye kidole cha shahada na kanga begani, na alikuwa anagonga bila kutazama, kama anayechambua mchele. Lundo lake lilikuwa la kufika magotini. Tipa likija linasomba, anaanza upya kwenye udongo mtupu.

Nikasema moyoni, huyu hapa. Nikamuuliza swali la kipumbavu la mtu aliyesoma insha: hachoki, kuona kilima hakiishi?

Aliacha kugonga. "Likiisha nitakula nini?"

Miungu ya Wayunani ilidhani adhabu kuu ni jiwe lisilo na mwisho, na Camus aliwakubalia, akatafuta tu namna ya kulibeba kwa heshima. Huyu mama hofu yake ilikuwa siku ambayo jiwe litakwisha, au atakuja mtu na karatasi kusema kilima si mahali pa kugonga tena. Nihilisti hana la kumwambia. Habari kwamba nyota hazimjali angeijibu kwa "sogea, yanaruka". Camus naye angemsifu kwa macho yake makavu, halafu angekosa kuona kwamba haangalii kilele. Anaangalia lundo. Kuna kijiti alichokichomeka pembeni, na kokoto zilitakiwa zifike usawa wake kabla ya saa nne.

Tipa lilikuja saa tano kasoro. Dereva hakushuka, alishuka kijana wa ndoo, akaanza kuchota na kuhesabu kwa sauti, akiipigapiga kila ndoo chini ili kokoto zishuke na ndoo imeze zaidi. Alipofika ya tisa mama alisimama, akaushika mkono wake, akasema mbili za hizo zilijazwa kupita ukingo, wahesabu upya. Wenzake wakaacha nyundo. Dereva akapiga honi, hakuna aliyegeuka. Kijana akamwaga ndoo chini, akaanza tena: moja.