Nyumba Hii Haiuzwi

Mimi ni mtunza hesabu wa duka la vifaa vya ujenzi. Siku sita naandika misumari na saruji. Ya saba, tangu jamaa mmoja mwenye shida ya kodi aniuzie Nikon yake ya mtumba, nazunguka Dar kupiga picha majengo. Mke wangu hana neno. Anasema waume wa wenzake wana bao, wengine wana mpira, wengine wana nyumba ndogo. Ukipiga hesabu, kamera ni nafuu.

Nilianzia Posta, kama kila mtu. Yule Askari wa shaba pale Samora yuko kazini tangu 1927, singe yake kaielekeza bandarini, na ukimvizia Jumapili alfajiri unampata peke yake kama dakika nne hivi kabla bajaji ya kwanza haijaingia kwenye picha. Pale pale Posta nikajifunza kwamba kila jengo lina mlinzi, na kila mlinzi ana neno moja: "Hapapigwi picha hapa." Ukimuuliza nani kakataza, ananyoosha kidole juu. Anamaanisha ghorofa ya kumi au Mwenyezi Mungu, huwezi kujua.

Halafu nikaenda Azania Front, lile kanisa la Wajerumani lenye vigae vyekundu. Hapo ndipo nilipojuana na kunguru. Wageni wakija Dar wanasifia bahari. Sisi tunaoinua shingo tunajua mji huu una wenyewe, na wenyewe ni weusi wenye kola ya kijivu. Kila nikifumba jicho moja, kunguru anatua kwenye ncha ya mnara, anajikuna kwapa. Namsubiri aondoke. Anaondoka, anamwachia zamu mwenzake. Nilirudi nyumbani na kunguru sitini na tatu, nyuma yao kanisa. Sikuwafuta, kwa uvivu tu.

Lakini hamu yangu hasa ilikuwa Kariakoo. Si lile soko alilolichora msanifu Beda Amuli, lenye paa la miavuli iliyobinuliwa kukinga mvua. Hilo liliungua Julai 2021 na kila mwenye simu Dar ana picha yake likiwaka. Mimi nilitaka nyumba. Waingereza waliweka hapo kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, midomo yetu ikalinyoosha jina likawa Kariakoo, na miaka mingi mitaa ile ilikuwa ya nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu huku, uani jiko na choo, mbele baraza. Sasa zinabomolewa moja baada ya nyingine, linapanda ghorofa, chini fremu za maduka, juu matanki ya maji. Iliyobaki unaikuta imebanwa kati ya maghorofa mawili kama jino la mwisho la mzee.

Moja nilikuwa nimeiona nikitoka kununua kava ya simu. Nikapanga kuirudia Jumapili, maduka yamefungwa, jua likiwa bado chini.

Kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu ndiye aliyenishauri. "Braza, utasimama katikati ya barabara giza giza hivi, watakufyeka. Vaa hii." Akanipa reflekta yake ya akiba, ya njano.

Hebu nitazame basi: mtu mzima, reflekta ya njano, stendi ya kamera ya miguu mitatu begani, daftari mfuko wa nyuma, kalamu sikioni kwa mazoea ya dukani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anatembea kinyumenyume mbele ya nyumba ya watu. Mke wangu aliponiona natoka vile aliniuliza kama nimeajiriwa ardhi. Nilidhani ananitania.

Nyumba yenyewe, wallahi, ilikuwa inajua kupigwa picha. Chokaa nyeupe imebanduka, chini yake bluu, chini ya bluu njano ya zamani sana, na pale palipomeguka kabisa unaona udongo mwekundu na vichwa vya fito. Baraza la saruji limesuguliwa na makalio ya vizazi mpaka linang'aa. Bati limeiva kutu. Kitu kimoja tu kiliniudhi: kuanzia mlangoni mpaka pembeni, mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za kampeni, NYUMBA HII HAIUZWI OGOPA MATAPELI. Tena hakupiga hesabu ya ukuta. Alivyofika MATAPELI nafasi ikamwishia, akaanza kuzibana herufi, mwishoni LI ikabidi ipande juu ya dirisha.

Mtu mwenye akili timamu angesoma. Mimi niliona rangi nyekundu tu inavyonipigia kelele kwenye picha.

Jirani palikuwa na mkokoteni umefungwa kamba na maboksi matupu pembeni. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikaufungua. Nikauvuta taratibu mpaka mbele ya ukuta. HAIUZWI ikazibika. Nikapanga maboksi juu yake, OGOPA nayo ikapotea. Nilikuwa nimesimama kwenye ncha za vidole, naweka boksi la mwisho juu ya MATAPE, pale LI iliyokuwa juu ya dirisha ilipofunguka pamoja na dirisha lenyewe.

"Wewe."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Naficha haya maandishi, bibi. Yanaharibu picha."

Nimeifikiria sentensi ile sana tangu siku hiyo. Sijaona tapeli yeyote duniani angeweza kujieleza vizuri zaidi.

"Amekuja!" bibi akapiga ukelele kuelekea uani. "Amekuja yule! Leo kaja na maboksi!"

Wakatoka wapangaji. Kijana mmoja na taulo, mswaki mdomoni. Mama wa chapati na kijiko cha kugeuzia, na kile kijiko nilikitazama sana maana kilikuwa bado cha moto. Mtoto akaishika stendi kwa miguu miwili. Yule wa taulo akainama, akachungulia kwenye kamera, akatoa mswaki ili aseme vizuri: "Mama, nyumba yote imo humu ndani!"

Wakanikalisha barazani. Kitambulisho changu kikachukuliwa, namba ya simu ikaandikwa na kila mwenye kalamu. Bibi akaanza kupiga simu kwa wanawe, na kwa kila mwana alikuwa na maneno yale yale: "Njoo umtazame mtu wako uliyemtuma." Na kila mwana, nilimsikia kwa spika, alijibu kwamba si wake, ni wa fulani.

Kwa hiyo wakaja wote. Kumbe nyumba ilikuwa ya urithi, watoto wanane, na hawajakaa pamoja tangu arobaini ya marehemu baba yao. Wajukuu walikuwa wananitajia kila anayeshuka. Mjomba wa Mbagala alifika kwa bodaboda. Shangazi wa Temeke ana hina ya harusi ya jana yake. Baba Mdogo wa Kigamboni alicheleweshwa na pantoni, akafika na hasira za pantoni na za nyumba kwa pamoja. Kila mmoja alinipita mimi na kwenda kumkabili nduguye. Hapo nilipata nafuu kidogo, nikaomba maji.

Akaitwa na mjumbe. Akauliza kama nina barua ya serikali ya mtaa. Sina. Akaandika "hana", akaagiza chai.

Mambo yaliharibika Mjomba wa Mbagala alipolichomoa daftari langu. Nina tabia ya kuandika nilivyoiseti kamera kabla ya kupiga, na ukurasa wa siku ile ulikuwa na mstari mmoja:

Kariakoo, nyumba ya zamani: 8, 125, 400.

Aliusoma mara mbili kimoyomoyo, mara ya tatu kwa sauti. "Nane," akasema, akatuzungushia macho. "Nane ni sisi. Warithi tuko nane."

"Na mimi je?" bibi akauliza. "Nimekuwa ukuta?"

Hakuna aliyemjibu. "Mia nne ni bei. Milioni mia nne. Na hii mia na ishirini na tano?"

"Ya dalali," alisema Shangazi wa Temeke kwa uchungu.

"Dalali anakula mia na ishirini na tano kwenye mia nne?"

Nikaona nikinyamaza nitazikwa. "Mzee wangu, hizo ni za kamera. Nane ni tundu."

"Tundu la nini?"

"La lenzi. Mwanga unapita. Mia na ishirini na tano ni sekunde, yaani sekunde moja uikate vipande mia na ishirini na tano, uchukue kimoja."

"Na mia nne?"

Hapa ningesema neno lolote isipokuwa nililosema. "Mia nne ni usikivu."

"Usikivu tunao," alisema mjomba, akakaa chini. "Endelea."

Lakini sikupata nafasi ya kuendelea, maana Baba Mdogo wa Kigamboni alikuwa amesimama. "Milioni mia nne? Kiwanja cha Kariakoo? Hapo jirani wametaja bilioni! Nani kati yenu kakubali mia nne?" Na kuanzia dakika ile mkutano ukabadilika. Saa nzima walikuwa wanagomba kwamba nyumba isiuzwe. Sasa walikuwa wanagomba kwamba isiuzwe kwa bei ya kutupa. Nilitafuta uso wa bibi. Alikuwa ameiona hiyo tofauti kabla yangu.

"Nipe hiyo kamera," akaniambia.

Nikamwonyesha kitufe cha kupitisha picha. Akaishika mbali na macho, mkono umenyooka, kama watu wanavyosoma tarehe kwenye dawa. Picha ya kwanza ilikuwa nyumba yake na mkokoteni. Akapita. Iliyofuata ilikuwa kunguru.

"Huyu nani?"

"Kunguru, bibi."

"Na huyu?"

"Mwenzake."

"Na huyu?"

"Huyo ni yule wa kwanza, ila amegeuka."

Aliendelea kubonyeza. Wanawe wakanyamaza mmoja mmoja, wakaja kuchungulia kwa nyuma. Alifika kwa kunguru wa arobaini hivi, akanirudishia kamera.

"Tangu baba yenu afariki wamekuja matapeli wanne mlangoni hapa," akasema. "Wote walikuja na gari na wote walinukia vizuri. Huyu ana picha za kunguru. Mwacheni. Huyu ana matatizo yake mwenyewe."

Sijawahi kutetewa vizuri hivyo maishani, na sijawahi kuumia hivyo.

Adhabu yangu ilikuwa kupiga picha ya familia. Bibi kwenye kiti katikati, watoto wanane, wajukuu, wapangaji, mjumbe na kikombe chake. "Na maandishi yaonekane yote," akaamuru. Mwenye mkokoteni naye akatokea, akauliza nani kaufungua mali yake, na watu kama thelathini wakanionyesha kwa mpigo. Nikamlipa elfu tano, akaurudisha mkokoteni mwenyewe, kisha naye akaingia kwenye picha.

Ilikuwa saa tano. Jua limesimama utosini, kila mtu macho yake mashimo mawili meusi. Mwanga ule niliouamkia ulishakufa zamani. Nikaiteremsha ile 400 ikawa 100.

"Imeshuka tena?" aliuliza Mjomba wa Mbagala, aliyekuwa ametoka kwenye mstari na kusimama nyuma ya bega langu.

Nyumba haionekani. Nilitaka ukuta bila watu, nikapata watu bila ukuta. Kilichobaki ni kipande cha bati na maandishi juu ya vichwa. Baba Mdogo wa Kigamboni ni mrefu, kaikinga LI, kwa hiyo inasomeka OGOPA MATAPE. Nilisafisha nakala kubwa, nikaitia fremu, nikampelekea bibi wiki iliyofuata. Aliiangalia kwa muda mrefu, akasema yeye katoka vizuri, wengine hajui. Akanipa chapati.

Jumatatu yake, saa mbili usiku, simu ngeni ikaita. Sauti ya chini, kama ya mtu aliyejifungia chooni.

"Kijana, ni mimi, wa Mbagala. Mama asijue. Ile mia nne... huyo mteja yupo kweli?"

Nikaanza upya na tundu la lenzi. Akanisikiliza kwa heshima, akasema ameelewa, na kwamba ile mia na ishirini na tano yangu tunaweza kuizungumza.

Jumatano alipiga Shangazi wa Temeke. Mpaka Ijumaa walikuwa wamefika watano, na Baba Mdogo wa Kigamboni ndiye pekee aliyesisitiza bilioni.