Kazi ya Mungu haina makosa, ila breki mbovu si kazi yake

Kwenye mazishi huku Moshi, iwe Machame, Marangu au Old Moshi, kuna maneno yasiyokosekana: kazi ya Mungu haina makosa. Nayakubali kama ungamo kwamba Mungu ndiye anayetawala. Ninachokataa ni kuyatumia kufunga mdomo wa anayeuliza. Dereva ameteremka kutoka Marangu kwenda Himo bila gia ili aokoe mafuta, breki zimebeba uzito wote wa gari mpaka zimepata moto na kuacha kushika, abiria wamekufa, nasi tunatangaza kaburini kwamba siku yao ilikuwa imefika. Huko ni kumsingizia Mungu, tena mbele ya wafiwa.

Soma Matendo 27 polepole. Merikebu iko ndani ya tufani, nayo ina watu 276, Paulo akiwa mmoja wao. Mstari wa 22 Paulo anasema hapana hata mmoja atakayepoteza maisha, na ahadi hiyo ameletewa na malaika. Haina "kama" ndani yake. Mstari wa 30 mabaharia wanashusha mashua watoroke, na mstari wa 31 Paulo yuleyule anamwambia akida na askari wake: hawa wasipobaki chomboni, ninyi hamtaokoka. Askari hawakubishana naye kwamba Mungu ameshaahidi. Walikata kamba, mashua ikaenda zake. Kisha watu wakala, wakatupa ngano baharini chombo kiwe chepesi, wenye kujua kuogelea wakatangulia, wengine wakashika mbao, wote wakafika nchi kavu. Aliyeamua mwisho wa safari aliamua pia njia yake, na ndani ya njia hiyo mlikuwa na ujuzi wa mabaharia na kisu cha askari. Hata Ungamo la Westminster la 1646, tamko la imani la Wapresbiteri, ambalo halina haya hata kidogo kusema kwamba Mungu ameamuru yote yatokeayo, linaongeza papo hapo kwamba amri hiyo haifuti uhuru wa sababu za pili, yaani viumbe na matendo yao, bali inauthibitisha.

Mlutheri anaweza kunijibu kwamba Martin Luther, mwanamatengenezo ambaye kanisa lake limeitwa kwa jina lake, alikana utashi huru, yaani uwezo wa mtu kujichagulia. Alikana, mwaka 1525, akimjibu mwanazuoni Erasmus aliyeutetea. Lakini alichokana ni uwezo wa mwenye dhambi kujigeuza mwenyewe amwelekee Mungu. Katika mambo yaliyo chini ya mtu, kama mali na fedha zake, alimwachia uchaguzi. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri wenyewe, kifungu cha 18, linasema vivyo hivyo: utashi una uhuru kiasi katika uadilifu wa kiraia, yaani mwenendo mwema mbele ya watu, na mambo yanayofikiwa na akili. Breki zimo humo. Mahubiri mengi ya msiba yanapotea hapa, kwa kuchukua fundisho la wokovu na kulibandika kwenye gereji.

Sheria ya Musa ilishalipanga jambo hili. Kutoka 21:13 inamtaja aliyeua bila kuvizia, ikisema Mungu ndiye aliyemtia yule mtu mkononi mwake, naye anapewa mahali pa kukimbilia. Teremka hadi mstari wa 29, sura ileile: ng'ombe aliyezoea kupiga pembe, mwenyewe ameonywa, hakumzuia, mtu akafa. Ng'ombe anapigwa mawe na mwenye ng'ombe anauawa. Hakuna anayeruhusiwa kusema Mungu alipenda. Kuonywa ndiko kunakobadilisha kesi.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili na kusema Mungu hakuhusika kabisa. Hao wanamnyang'anya mjane tegemeo lake pekee. Yesu alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13:4), alikataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine, na hakueleza kwa nini wao. Nasi tusieleze. Ayubu 1:21, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", ni maneno ya mfiwa mwenyewe. Akiyasema yeye, itikieni, ila msimtangulie kumwekea mdomoni.

Na kamati ya msiba inapokodi kosta ya kupeleka waombolezaji Rombo, sala ya safari ije baada ya fundi kukagua breki na matairi, na dereva aambiwe mbele ya wote: mteremkoni ni gia ndogo.