Sheria ndogo za miti mjini: tunalinda shina, mizizi tunaiachia katapila

Halmashauri nyingi zikikaa kuandika sheria ndogo ya kulinda miti wakati wa ujenzi, mjadala unaishia kwenye mambo mawili, nani atoe kibali cha kukata na faini iwe kiasi gani. Mimi naona hapo tunaanzia pabaya, maana miti mingi ya saiti hakuna aliyeikata, inakufa ikiwa imesimama.

Angalia saiti yenye mti mkubwa ambao ramani inasema ubaki. Kivuli kizuri, basi mifuko ya saruji inapangwa hapo, zege linakorogwa hapo, lori la kokoto linageuzia hapo, maji ya kuoshea mashine yanamwagwa hapohapo, halafu anakuja fundi bomba kuchimba mtaro nusu mita tu kutoka shinani. Shoka halijagusa kitu. Sasa sehemu kubwa ya mizizi iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo na inatambaa hadi kupita matawi, haijazama chini kabisa kama wengi tunavyodhani, kwa hiyo udongo ukishashindiliwa na magurudumu hewa haipiti na maji hayaingii, na mti unaweza kuchukua hata miaka kadhaa ndo uanze kukauka kileleni, kontrakta kashalipwa kaondoka zamani na mwenye jengo anasema tu mti ulikuwa umezeeka.

Uingereza wana kiwango kinaitwa BS 5837, toleo la 2012. Unapima kipenyo cha shina kwenye kimo cha mita 1.5, unazidisha mara 12, unapata umbali wa kuzungushia uzio kabla mashine yoyote haijaingia. Shina la sentimita 50 linapata mita 6 kila upande. Naipenda sana hii kwasababu hata mkaguzi asiyejua jina la mti anaweza kwenda na futi ya kamba akaona uzio upo au haupo.

Ila wajenzi nao wana hoja na tusiwachukulie kama maadui wa miti. Shina la sentimita 70 linadai mita 8.4 kila upande, hesabu yake ni zaidi ya mita za mraba 220, na kama kiwanja chako chote ni mita za mraba 300 unabaki na nini cha kujenga? Tajiri ataajiri mtaalamu wa miti, achore upya, aweke msingi wa nguzo unaopita katikati ya mizizi (kiwango chenyewe kinaruhusu mtaalamu abadilishe umbo la eneo likitoshea upande mwingine), lakini mtu wa kipato cha chini hana hela hiyo. Na mji ukizuia nyumba katikati hauachi kukua, unatanuka pembeni, na pembeni ndiko kwenye mashamba na misitu. Hoja hii inanisumbua kweli, na siamini kuna sheria inayoimaliza yote.

Kuna na suala la kipimo cha mti upi ulindwe. Singapore, kwenye maeneo maalum ya hifadhi ya miti na kwenye ardhi iliyo wazi, mti wenye mzunguko wa shina unaozidi mita 1 haukatwi bila kibali. Inaeleweka na haina longolongo. Tatizo la kipimo chochote ni kwamba mwenye kiwanja anakisoma pia, anaona mti unakaribia, anauwahi. Mwaka 2003 wachumi Dean Lueck na Jeffrey Michael walichapisha utafiti wa North Carolina kule Marekani, wakaonyesha kuwa wenye misitu ya misonobari karibu na makazi ya kigogota anayelindwa kisheria walivuna miti yao mapema ili ndege asije akahamia kwao wakafungiwa ardhi. Kwahiyo sheria yenye adhabu tupu inaua miti michanga. Anayebakiza mti apewe kitu, aruhusiwe ghorofa moja zaidi, au apunguziwe idadi ya maegesho anayodaiwa.

Ile ya "kata mmoja panda miwili" ndo siikubali kabisa. Shina la kipenyo cha sentimita 60 kwa eneo la mkato ni sawa na miche 144 ya sentimita 5, na hiyo ni kama yote itapona. Afadhali mjenzi aweke dhamana kabla ya kuanza, na isirudishwe jengo likikamilika tu, ikae walau miaka 3 ndipo mkaguzi aje aangalie majani ya kileleni.

Halafu kuna anayesahaulika kila mara, serikali yenyewe. Sheffield, Uingereza, mwaka 2012 jiji lilikabidhi matengenezo ya barabara kwa kampuni binafsi kwa miaka 25, na kwenye mkataba mlikuwa na lengo la kuondoa na kupanda upya miti 17,500 ya barabarani, jambo ambalo wananchi walikuja kulijua 2018 baada ya maelfu kukatwa na watu kukamatwa wakiizuia. Kwahiyo kifungu cha kwanza kiibane halmashauri pamoja na makandarasi wake wa barabara, maji na umeme, na kila mradi uonyeshe miti na eneo la mizizi yake kwenye ramani kabla tenda haijatangazwa.