Kipuri Ndicho Kipimo cha Uhawilishaji wa Teknolojia

Korosho iliyobanguliwa huuzwa kwa madaraja, na daraja lenyewe huandikwa kwa tarakimu. Daraja la W320, linalouzwa kwa wingi kuliko yote duniani, maana yake ni kwamba ratili moja ina korosho nzima kati ya 300 na 320; zile za W180 ni kubwa zaidi na bei yake iko juu zaidi. Korosho ikipasuka, hata kama imegawanyika nusu kwa nusu, inashuka daraja na bei inaporomoka papo hapo. Kwa hiyo faida ya kiwanda cha korosho haitegemei sana tani ngapi zimepita mashineni. Inategemea ni korosho ngapi zimetoka upande wa pili zikiwa nzima.

Nimeanza na jambo hilo dogo kwa sababu naamini tulishindwa mahali hapo hapo, na bado tunashindwa tunapozungumza kuhusu uhawilishaji wa teknolojia, yaani kuhamisha mashine pamoja na maarifa ya kuziunda na kuzitengeneza, na nafasi yake katika uchumi wa viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na viwanda 12 vya kubangua korosho, vilivyojengwa kwa mikopo ya nje na kufungwa mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani. Vilikuwepo Newala, Masasi, Mtama, Nachingwea, Tunduru, Kibaha na kwingineko. Katika mtambo wa Kiitaliano, korosho ghafi zilipitishwa kwenye mafuta ya moto ili ganda likauke na kuwa rahisi kupasuka, kisha zikarushwa kwa nguvu ya mzunguko na kugongwa kwenye bamba la chuma. Mtambo ulikuwa na kasi ya ajabu, lakini kwa kupiga namna hiyo korosho nyingi zilitoka vipande. Maarifa ya kuurekebisha yalibaki kwa waliouunda, na vipuri viliagizwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, haikuwa nazo.

Haki lazima itendeke kwa mitambo hiyo. Haikufa kwa ubovu wake pekee. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, na kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka hadi chini ya tani 20,000. Wakulima walihamishiwa vijijini na kuiacha mikorosho yao mbali, bei waliyolipwa iliwakatisha tamaa, na ugonjwa wa ubwiri unga ukashambulia maua. Kiwanda kisicho na mali ghafi hakina budi kufunga milango. Lakini sababu hiyo ina mwisho wake. Zao lilirudi. Msimu wa 2017/18 mavuno yalivuka tani 300,000, zaidi ya mara mbili ya kilele cha zamani, ila viwanda vile havikurudi pamoja nalo. Baadhi ya majengo yalikuwa yamekwisha geuzwa maghala ya kuhifadhia korosho zinazosubiri meli. Kama maarifa ya kubangua yangekuwa yamekaa miongoni mwetu, katika mikono ya mafundi na katika karakana za Mtwara na Lindi, yangeamka pamoja na zao. Hayakuamka kwa sababu hayakuwahi kuhamia kwetu. Kilichohamia kilikuwa chuma.

Vietnam ilianza nyuma yetu. Viwanda vyake vya mwanzo vilitumia kifaa cha kukalisha korosho moja moja kati ya visu viwili, mfanyakazi akikanyaga pedali kwa mguu na kuligeuza ganda kwa mkono. Ilikuwa kazi ya polepole, na mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi ya vidole vibaya sana, lakini korosho ilitoka nzima, na kifaa kilikuwa rahisi kiasi kwamba fundi chuma wa kawaida aliweza kukifungua, kukielewa na kuunda kingine. Karakana zao ziliendelea kukibadili mwaka baada ya mwaka, hadi zikafikia kuunda mashine za kukata zinazojiendesha zenyewe. Tangu mwaka 2006 Vietnam imekuwa muuzaji mkubwa kuliko wote wa korosho zilizobanguliwa. Leo inanunua korosho ghafi kutoka Afrika, zikiwemo za kwetu, na inatuuzia mashine za kubangulia. Hili linaniuma kila ninapolifikiria, kwa kuwa hatua ile ya kwanza ya visu na pedali haikuhitaji kitu chochote ambacho Masasi haikuwa nacho.

Ndiyo maana kipimo changu cha uhawilishaji wa teknolojia ni kipuri. Sihesabu thamani ya mkopo, wala ukubwa wa kiwanda, wala vyeti vya mafunzo vilivyogawiwa siku ya uzinduzi. Nauliza: baada ya miaka mitano, kipuri kinachochakaa upesi kuliko vyote katika mashine ile kinatengenezwa wapi? Kama kinatengenezwa hapa, hata kama si vyote na hata kama cha kwanza kilivunjika, basi teknolojia imehama au iko njiani. Kama bado kinakuja kwa ndege, basi tulinunua bidhaa, na ununuzi wa bidhaa ni jambo halali kabisa, ila lisiitwe kwa jina lisilo lake.

Kiwanda cha viatu cha Morogoro kinatajwa mara nyingi katika habari hizi, nami sitakaa nacho sana. Kilijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikiwa na ndoto ya kuuza viatu Ulaya, na jengo lake lilikuwa na kuta za alumini zisizopitisha hewa, katika mji ambao kila aliyepita anajua joto lake. Uzalishaji wake haukuwahi kuvuka sehemu ndogo sana ya uwezo uliokusudiwa. Hapo ilihamishwa hata hali ya hewa ya kwingine.

Nimeyaona haya kwa macho yangu pia. Niliwahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha kufungasha vyakula, ambacho kilikuwa kimenunua mashine mpya ya kujaza na kuziba pakiti. Miezi michache baadaye mashine ilisimama katikati ya zamu ya usiku na kuonyesha tarakimu kwenye kioo chake. Fundi umeme wetu, kijana hodari aliyesomea ufundi stadi, alijua takriban kosa liko wapi, lakini programu ya kuendeshea mashine ilikuwa imefungwa kwa nywila ambayo muuzaji hakuitoa, na mkataba ulisema kwamba yeyote mwingine akiigusa dhamana inakufa. Tulisubiri mtaalamu wiki tatu. Alipofika, alifungua kompyuta yake, akaomba abaki peke yake chumbani, na kijana wetu akasimama mlangoni ameshika bisibisi mkononi. Kilichobadilishwa kilikuwa sensa moja ndogo, isiyozidi kidole gumba. Sikumlaumu mtaalamu yule, kwa sababu alifuata mkataba. Niliulaumu mkataba, na walioutia saini kwa upande wetu, ambao walikuwa wamejadili bei kwa siku nyingi bila kuuliza hata mara moja nani ataifungua mashine ile ikiharibika.

Sasa chukua mashine ya kusaga mahindi. Iko kila mtaa, na watoto hutumwa huko wakiwa na debe kichwani. Ndani yake mna shafti, beringi, chekeche, na nyundo, yaani vile vibapa vya chuma vinavyozunguka na kuponda punje. Nyundo ndizo zinazoisha upesi. Katika karakana moja ninayopita mara kwa mara, fundi huzikata kutoka springi za lori zilizochakaa, kwa sababu chuma chake ni kigumu na kina uvumilivu. Huzitoboa, kisha huzipima moja moja kwenye mizani, kwa maana nyundo zikitofautiana uzito mashine nzima hutikisika na beringi hufa. Mara ya kwanza niliyomkuta alikuwa anaisaga kidogo kidogo nyundo moja iliyozidi gramu chache, anairudisha mizanini, anaitoa tena. Nilimuuliza nani alimfundisha kupima namna ile. Akasema, "Bosi wangu wa kwanza, naye alikuwa kiwandani, tena kitengo cha matengenezo." Mashine hiyo iliingia nchini kutoka ng'ambo kama nyingine zote, na leo inaundwa nzima Dar es Salaam, Morogoro, Arusha na kwingineko, na karakana zinazoiunda zinashindana kwa bei na kwa ubora. Hakuna mkutano uliofanyika kusherehekea uhawilishaji huo. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na mafundi hawa walianza kwa kuvukuta.

Watu huniambia kwamba mifano ya korosho na mahindi ni midogo na kwamba dunia imekwenda mbali. Lakini waliotangulia walipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1872 serikali ya Japani ilifungua kiwanda cha kusokota hariri mjini Tomioka, kwa mashine za Kifaransa na chini ya usimamizi wa Mfaransa Paul Brunat. Mwanzoni wasichana wa kufanya kazi hawakupatikana, kwa kuwa watu walikuwa wamewaona Wafaransa wakinywa mvinyo mwekundu na ukaenea uvumi kwamba wageni wale wanakunywa damu. Ikabidi mkuu wa kiwanda, Odaka Atsutada, amwandikishe binti yake mwenyewe kuwa wa kwanza. Kiwanda kile kwa hesabu za faida hakikung'ara, na Wafaransa walilipwa mishahara mikubwa mno. Lakini waliajiriwa kwa muda uliowekwa, na kufikia mwisho wa mwaka 1875 walikuwa wameondoka. Wasichana walioletwa kutoka majimbo mbalimbali walirudi makwao wakawa walimu katika viwanda vipya, na mafundi wa sehemu kama Suwa wakaunda mashine za bei nafuu kwa kuweka mbao palipokuwa na chuma, na vyungu vya udongo palipokuwa na shaba. Ilipofika mwaka 1909 Japani ilikuwa imeipita China kwa kuuza hariri ghafi nje. Tomioka ilijengwa iwe chuo chenye mashine ndani, na ilipangwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Ipo hoja nzito dhidi yangu, nami siidharau. Kipuri kinachotengenezwa kwa maelfu katika kiwanda cha nje mara nyingi ni rahisi kuliko kinachochongwa kimoja kimoja Mtwara, na mwenye kiwanda anayehangaika na riba ya benki hana sababu ya kubeba gharama za kufundisha taifa. Nakubali. Kwa sababu hiyo mzigo huo haupaswi kuachwa kwake peke yake. Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa wa mitambo katika nchi hii, na mnunuzi mkubwa ana sauti mezani. SIDO, shirika la umma la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu mwaka 1973 na ina ofisi mikoani. TIRDO, ya utafiti wa viwanda, ipo Dar es Salaam; TEMDO, ya usanifu wa mitambo, na CAMARTEC, ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, zipo Arusha. Vyombo vya kupokea teknolojia tunavyo. Tatizo ninaloliona ni kwamba vinaitwa baada ya mkataba kusainiwa, kama mpiga picha wa harusi, wakati vingepaswa kuketi mezani tangu zabuni inaandikwa.

Kama ningeulizwa niandike kifungu kimoja tu katika kila mkataba wa mitambo unaotumia fedha za umma, ningeandika kuhusu michoro. Muuzaji akabidhi michoro ya kihandisi ya vipuri vyote vinavyochakaa, pamoja na aina ya chuma na vipimo vyake, na haki ya kuvitengeneza kwa matumizi yetu wenyewe. Nywila zikabidhiwe pia. Na maelekezo ya matengenezo yawe kwa Kiswahili, kwa sababu fundi mchundo anayelala karibu na mashine na kuisikia inapobadili mlio ni mtu anayefikiri kwa Kiswahili, na kumpa kitabu asichokisoma vizuri ni kumfungia mlango kwa adabu. Yako mambo ambayo muuzaji hatayatoa, kwa kuwa hataza zake, yaani haki za kisheria juu ya uvumbuzi wake, ndizo mali yake. Basi tujue mapema ni yapi, na tulipe bei pungufu kwa kile tunachonyimwa.

Naandika haya wakati nchi ina mambo makubwa mikononi. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa jumla wa megawati 2,115, iliyojengwa chini ya kampuni za Misri, na treni za umeme zilianza kubeba abiria mwaka 2024 kwenye reli ambayo kipande chake cha kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kilianza kujengwa na kampuni ya Kituruki mwaka 2017. Hatutachonga mtambo wa kuzalisha umeme kesho, wala sidai hivyo. Lakini mtambo utafika siku ya kufunguliwa kwa matengenezo makubwa, na siku hiyo inajulikana tangu sasa. Wahandisi wetu watakaosimama karibu nao wachaguliwe leo, wapewe kazi ya mikono na si ya kushika daftari, na yaandikwe yale wanayotarajiwa kuyafanya wao wenyewe matengenezo ya pili yatakapofika.

Na kwa korosho, tusisubiri hata mwaka. Kisu cha mashine ya kubangulia ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Kinaisha makali, na kikiisha makali kinavunja korosho, na W320 inageuka vipande. Wanaofungua viwanda vipya vya kubangua huko kusini wakae na SIDO na karakana za Mtwara msimu huu, wawape kisu kimoja kipya na kimoja kilichochakaa, na kuwaahidi kwa maandishi kwamba watanunua visu mia vya kwanza hata kama havitakuwa kamilifu.