Kitabu cha Watoto, au cha Mapishi?

Hebu fungua kile kitabu cha nyimbo za Kifaransa kilicholala chini ya sanduku, jalada limeota ukungu wa Bukavu, pini zimekula kutu. Utotoni uliimba tu. Sasa unaelewa maneno, ole wako.

Ukurasa wa kwanza, Alouette. Kindege anachekelea pichani huku wimbo ukiapa kumnyonyoa: kichwa, mdomo, shingo, mabawa, miguu. Mdomo! Mdomo una manyoya gani, ndugu yangu? Na maji ya moto yako wapi? Kuku, hata mtoto wa mtaa wa Kadutu hapa Bukavu anajua, unamchovya kwenye maji ya moto ambayo hayajatokota, dakika moja hivi, kisha unaanza na manyoya magumu ya mabawa na mkia kabla hajapoa. Maji yakitokota, ngozi inachanika. Ukimnyonyoa mkavu, jioni itakukuta hapo hapo. Na taabu yote hiyo kwa kindege cha gramu 40, hakitoshi hata kuonja na bugali.

Wimbo wa panya wa kijani ndio unaoudhi zaidi. Anakamatwa mkia, anaonyeshwa mabwana, nao wanaagiza: mchovye kwenye mafuta, mchovye kwenye maji, atakuwa konokono wa moto. Jikoni kwao nani alipika? Mafuta yakiwa baridi, maji yatateleza tu juu ya manyoya. Yakiwa ya moto, tone moja la maji likirudi sufuriani linageuka mvuke na kukurushia mafuta usoni. Chumvi haikutajwa kabisa.

Halafu wimbo wa kile kichombo ambacho hakijawahi kusafiri. Kinaingia Mediterania, wiki tano sita chakula kimekwisha, wanavuta vijiti wajue nani aliwe. Inamwangukia mdogo wao. Wanabishana mchuzi! Na watoto wanapiga makofi. Piga hesabu: bahari ile ina urefu wa kilomita kama 3,800. Hata kwa mwendo wa mguu, kilomita 4 kwa saa usiku na mchana, siku 40 umeimaliza yote. Na hakuna hata mmoja mwenye ndoana! Vijisamaki vinaruka vyenyewe chomboni, ndipo kijana anapona. Wavuvi wa Ziwa Kivu wanaunganisha mitumbwi mitatu, wanatandaza wavu, wanawasha taa, na mbalamwezi ikiwa kali sambaza, wale samaki wadogo, wanapungua. Hawa wa wimboni wanangoja muujiza, sufuria iko jikoni.

Geuza ukurasa, mbalamwezi tena. Jamaa anabisha kwa rafiki yake Pierrot: mshumaa umezimika, moto sina, niazime kalamu. Kalamu, gizani! Umeme ukikatika kwetu, mtu anabisha ameshika kipande cha bati, anaomba kaa moja la moto, basi. Pierrot anajibu yuko kitandani, nenda kwa mama jirani, jikoni kwake wanawasha moto. Kila shida, mama jirani. Naye akiwa na akili aulize kwanza mlangoni: mkononi umeshika nini, kalamu au panya?